Bahati ichague maneno, wewe uyakumbuke: namna ya kupata nywila imara

Mwambie mtu atunge nywila ngumu, na karibu kila mara atafanya jambo lile lile. Atachukua neno analolipenda, ataanza kwa herufi kubwa, atageuza a kuwa @, kisha mwishoni atabandika mwaka na alama ya mshangao. Anaamini ametunga kitu ambacho hakuna mwingine angekiwaza. Shida ni kwamba mamilioni ya watu wamewaza hivyo hivyo, na wanaovunja nywila wanaujua mtindo huo kuliko anavyoujua yeye.

Mwongozo huu hautakuomba uwe mbunifu. Tutaiachia bahati nasibu ichague maneno, na wewe utabaki na kazi moja, kuyakumbuka. Tafuta karatasi, kalamu, mkasi, kamusi ya Kiswahili na kama nusu saa ya utulivu. Wengine huiita nenosiri, wengine paswedi. Mimi nitasema nywila.

Kwanza, mjue unayemzuia

Tukisikia habari za udukuzi tunamwona mtu ameketi mbele ya ukurasa wa kuingilia, akijaribu nywila moja baada ya nyingine. Hilo hutokea, ila tovuti nyingi humfungia mlango baada ya majaribio machache. Hatari kubwa ni pale linapoibwa faili la nywila za tovuti nzima. Jambo hili lina umri karibu sawa na nywila za kompyuta zenyewe. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti kijana Allan Scherr alitaka muda zaidi wa kutumia kompyuta ya pamoja kuliko aliopangiwa. Akaiagiza ichapishe faili lenye nywila za watumiaji wote, nayo ikachapisha.

Mwaka 2009 kampuni ya RockYou, iliyotengeneza programu za mitandao ya kijamii, iliibiwa nywila za akaunti zaidi ya milioni 32, zote zikiwa zimehifadhiwa kama zilivyoandikwa, bila kufichwa kwa namna yoyote. Kati ya wenye akaunti hizo, zaidi ya 290,000 walikuwa wanatumia 123456. Orodha ile ingali inazunguka, na wavunjaji wa nywila wanaitumia mpaka leo.

Tovuti makini haihifadhi nywila yenyewe. Huisaga kwanza kwa hesabu isiyorudi nyuma, mfano wa nafaka: ukishapata unga, huwezi kuurudisha ukawa punje. Mwizi aliyeiba unga huo inambidi akisie nywila, aisage, alinganishe, akikosa akisie tena. Lakini hafanyi kwa mkono. Kadi moja ya michoro yenye nguvu, ya aina wanayonunua wapenzi wa michezo ya kompyuta, inaweza kufanya makisio zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde ikiwa tovuti ilisaga kwa njia nyepesi kama MD5. Zipo njia nzito zilizobuniwa makusudi ili zimcheleweshe, kama bcrypt na Argon2, ila ukiwa mtumiaji wa kawaida huwezi kujua tovuti yako inatumia ipi. Jiandae kwa ile mbaya.

Chukua nywila ya herufi nane ndogo. Michanganyiko yake yote ni kama bilioni 209, na kwa kasi hiyo inamalizika kwa sekunde mbili na kidogo. Ukiruhusu herufi kubwa, tarakimu na alama zote za kibodi, bado zikiwa nane, itachukua kama saa 18. Na hapo nazungumzia herufi zilizopatikana kwa bahati tupu. S@fari2024! ina urefu wa 11, lakini haitafika popote, kwa sababu programu za kukisia haziendi herufi moja moja. Huanza na orodha zilizovuja na maneno ya kamusi, zikiyapitisha katika mabadiliko yote tuliyozoea: a kuwa @, o kuwa sifuri, mwaka mwishoni.

Wapo wanaojifariji kwamba Kiswahili kitawaficha. Hakiwafichi. Orodha zilizovuja zimetoka kwa watu wa lugha nyingi, na yeyote anaweza kuipakia kamusi ya Kiswahili kwenye programu ya kukisia. Methali, mstari wa wimbo, aya ya kitabu kitakatifu, jina la mtoto pamoja na mwaka wa kuzaliwa kwake, vyote vimeandikwa mahali fulani na vinakusanyika kirahisi. Kinachomkwamisha mwizi ni mpangilio ambao haujaandikwa popote na ambao haukutoka kichwani mwa mtu.

Kata vikaratasi kumi

Kata vipande kumi vya karatasi vya ukubwa mmoja. Andika 0 hadi 9, tarakimu moja kwa kila kipande, vikunje kwa namna moja, uvitie kwenye mfuko au kikombe kirefu. Chota kimoja bila kutazama, andika tarakimu yake, kirudishe, tikisa, chota kingine. Kukirudisha ni lazima. Usipokirudisha, namba kama 33 au 181 hazitatokea kamwe, na hapo bahati si bahati tena.

Machoto matatu ya kwanza yanakupa ukurasa wa kamusi. Ukipata 2, 1 na 7, fungua ukurasa wa 217. Ukipata namba iliyozidi kurasa za kamusi yako, usikimbilie ukurasa wa karibu. Chota upya zote tatu. (Kamusi ikiwa na kurasa zaidi ya elfu moja, chota nne.) Kisha chota mara mbili kupata neno lenyewe. Ukipata 0 na 9, hesabu kutoka juu maneno yaliyokolezwa wino, yale yanayofafanuliwa, mpaka la tisa. Ukipata 64 nao ukurasa una maneno 30, chota tena hizo mbili.

Rudia mpaka upate maneno matano. Kwa mfano wa hapa nimepata haya, kwa mpangilio huu:

chovya, ukingo, tarumbeta, mbuni, ratili

Sasa mfano huu umeshaandikwa hadharani, kwa hiyo usiutumie. Chota ya kwako.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri. Neno la tatu linakuja baya, au gumu, au halina ladha, na mkono unataka kuchota lingine. Usichote. Usiyapange upya ili yasomeke vizuri, wala usitupe yote matano kwa matumaini ya kupata matano yanayopendeza zaidi. Kila unapochagua unarudi kichwani mwako, mahali ambapo mwizi alishapita. Ukiwa na masharti, yaweke kabla ya kuanza: kwa mfano, neno lenye zaidi ya herufi kumi naliruka. Sharti lililowekwa mapema halidhuru sana, kinachodhuru ni upendeleo unaozuka baada ya kuliona neno. Na ukikutana na neno usilolijua, soma maana yake. Neno ulilolifahamu siku hiyo hiyo hukaa kichwani vizuri kuliko unavyodhani.

Usiwe na haraka ya kutumia tovuti usiyoijua inayotoa nywila tayari, maana hujui kama inabaki na nakala. Kama huna kamusi ya karatasi, kuna njia iitwayo Diceware, iliyobuniwa na Arnold Reinhold mwaka 1995: orodha ya maneno 7,776 ambayo kila neno lina namba yake ya kurusha dadu mara tano. Orodha yake inayojulikana zaidi ni ya Kiingereza, lakini kanuni ni ile ile.

Kwa nini matano? Tuseme kamusi yako ina maneno 10,000. Kila neno unaloongeza linazidisha kazi ya mwizi mara 10,000. Kwa ile kasi ya makisio bilioni 100 kwa sekunde, maneno manne yanaisha kwa kama saa 28. Matano yanahitaji zaidi ya miaka 30. Sita yanapita miaka 300,000. Hesabu hizi zimempa mwizi kila kitu, kwamba anaijua njia yako, anayo kamusi ile ile na anajua idadi ya maneno. Hata akisoma mwongozo huu, hapati nafuu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na nywila ya ujanja, ambayo nguvu yake yote iko katika kutumaini kwamba hakuna aliyeujua ujanja huo.

Yafunge kwa picha

Maneno matano yasiyo na uhusiano yanatisha kwa dakika kumi za mwanzo. Yape picha moja, inayokwenda kwa mpangilio wake. Kwa mfano wetu: ninachovya ukingo wa tarumbeta majini, mbuni amesimama ananitazama, shingoni amefungiwa ratili ya chuma. Picha ikiwa ya ajabu zaidi inashika zaidi. Mbuni hapa angeweza kuwa ndege, mti wa kahawa au mtu anayebuni vitu. Nimechagua ndege kwa sababu namwona vizuri, macho yake makubwa na ile ratili inayoning'inia. Ukishaiona picha, mpangilio hauwezi kukupotea, maana huwezi kuufikia ukingo kabla ya kuchovya.

Kisha iandike kwa vidole. Siku ya kwanza ichape mara kumi. Ichape kabla ya kulala na asubuhi ukiamka, na siku zinazofuata ingia na kutoka kwenye akaunti hata kama hulazimiki. Usiikariri kwa sauti tu. Baada ya wiki moja utagundua vidole vinakwenda vyenyewe na mbuni umeshamsahau.

Tenganisha maneno kwa kistari: chovya-ukingo-tarumbeta-mbuni-ratili. Ni herufi 36 ukihesabu na vistari, na bado inachapika kwa urahisi kuliko vurugu ya alama nane. Tovuti ikidai herufi kubwa na tarakimu, anza kwa herufi kubwa na malizia kwa 1, siku zote hivyo hivyo. Mwizi anaweza kulijua hilo na isikuumize, kwa sababu nguvu yako haikutoka hapo. Tovuti ikikataa urefu, ikitaka mwisho herufi 16, usilazimishe maneno. Hiyo utamwachia msaidizi tutakayemtaja hivi punde.

Karatasi si adui

Shangazi yangu aliwahi kunionyesha daftari lake kwa aibu, ameandika nywila zake zote.

"Najua utanigombeza. Si mnasema tusiandike?"

"Shangazi, andika tu. Ila usiandike ni ya akaunti gani, na daftari lisikae pembeni ya kompyuta."

Niliyasema hayo nikimaanisha. Mwizi wa faili la tovuti yuko mbali sana, hawezi kufungua kabati lako. Anayeweza kulifungua ni mtu wa nyumbani, na wewe ndiye unayejua kama huyo ni hatari kwako. Kwa wengi wetu, karatasi iliyofungiwa pamoja na vyeti na hati muhimu ni salama kuliko nywila dhaifu iliyotunzwa kichwani. Isikae ofisini, isibandikwe chini ya kibodi, na usiipige picha kwa simu, kwa sababu picha hunakiliwa mtandaoni bila wewe kutambua. Ukishaikariri kabisa, bado nashauri karatasi ibaki, ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Siku ukiugua au ukifariki, watu wako watahitaji kuufikia mlango huo.

Kumbuka tatu tu

Huwezi kukumbuka maneno matano kwa kila akaunti, na hilo ndilo linalotuingiza kwenye kosa baya kuliko nywila fupi, yaani kutumia nywila moja kila mahali. Mwaka 2012 wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya mfanyakazi wa Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwa nywila iliyokuwa imeibwa kwenye tovuti nyingine. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba akaunti zaidi ya milioni 68 za kampuni hiyo zilivuja katika tukio la wakati ule. Nywila iliyovuja kwenye tovuti ndogo uliyojisajili mara moja ukaisahau hujaribiwa, kwa mashine, kwenye barua pepe yako na kila mahali penye jina lako.

Kwa hiyo kariri tatu. Ya kwanza ni ya barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Anayeishika barua pepe yako ana funguo za nyumba nzima. Ya pili ni ya kufungulia kompyuta au simu yako. Ya tatu, ambayo naomba iwe na maneno sita, ni ya kidhibiti cha nywila.

Kidhibiti ni programu inayotunza nywila zako zote ndani ya sanduku lililofungwa kwa ile nywila yako ya maneno sita. Bitwarden na KeePass zinapatikana bure na msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kukaguliwa. Simu na vivinjari vingi navyo vinakuja na vya kwao. KeePass hutunza sanduku kama faili kwenye kifaa chako, kwa hiyo nakala ni jukumu lako. Bitwarden hulihifadhi kwenye seva likiwa limefungwa, nawe unalifikia kwenye simu na kompyuta. Mimi humshauri anayeanza atumie kile atakachokifungua kila siku bila kinyongo, kuliko kilicho bora kinachomchosha.

Ukishakiweka, usijaribu kubadilisha akaunti zote usiku mmoja. Kila unapoingia kwenye akaunti fulani kwa shughuli zako, iambie programu itengeneze nywila ya herufi 20 za ovyo, ihifadhi, basi. Hizo huna haja hata ya kuziona. Fedha na mitandao ya kijamii zitangulie. Kidhibiti kinakupa na faida nyingine isiyosemwa sana: hukumbuka anwani halisi ya tovuti. Ukibofya kiungo cha walaghai kikakupeleka kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa benki yako, macho yako yanaweza kudanganyika, lakini chenyewe hakitajaza nywila. Kikikaa kimya mahali unapotegemea kijaze, simama uitazame anwani herufi kwa herufi.

Weka mlango wa pili

Nywila ya maneno matano haikusaidii ikiwa umeichapa mwenyewe kwenye ukurasa wa mlaghai. Ndiyo maana barua pepe na akaunti za fedha ziwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa pia msimbo wa muda mfupi. Programu ya misimbo kwenye simu ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli aliyemdanganya wakala, na misimbo ikaenda kwake. Lakini ikiwa ujumbe mfupi ndio pekee unaotolewa, uwashe. Ni bora mno kuliko kukosa kabisa. Msimbo huo usimtajie mtu yeyote anayekupigia simu, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Tovuti itakupa pia misimbo ya akiba. Ichapishe au iandike, itie kwenye ile bahasha. Niliwahi kukaa na jamaa mmoja saa tatu nzima tukijaribu kuirudisha barua pepe yake. Nywila alikuwa anaikumbuka vizuri, lakini msimbo ulikuwa unatumwa kwenye namba aliyoacha kuitumia miaka miwili nyuma, na namba hiyo ilishagawiwa mtu mwingine. Misimbo ya akiba hakuwahi kuiandika. Barua pepe hatukuipata. Fungua mipangilio ya barua pepe yako leo uangalie ni namba gani imesajiliwa.

Siku hizi Google, Apple na Microsoft zinaruhusu pia funguo za siri (kwa Kiingereza passkeys), ambapo simu inathibitisha kwa alama ya kidole au uso bila nywila kabisa. Ufunguo hufanya kazi kwenye anwani halisi tu, hivyo ukurasa wa mlaghai hauupati. Ukiulizwa kama unataka kuuweka kwenye kifaa chako mwenyewe, kubali.

Maswali ya siri

Jina la mama kabla ya kuolewa, shule ya kwanza, mji uliozaliwa. Majibu hayo wanayajua ndugu, majirani na yeyote aliyepita kwenye kurasa zako. Hakuna sheria inayotaka uyajibu kwa ukweli. Chota maneno mawili au matatu kwenye kamusi, yawe jibu, yahifadhi kwenye kidhibiti. Mama yako akiitwa "tufani-kijiko-adesi" kwa ajili ya tovuti moja, hajavunjiwa heshima.

Lini ubadilishe

Si kila baada ya siku 90. Desturi hiyo ilienezwa na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao pia ulihimiza mchanganyiko wa alama. Aliyeuandika, Bill Burr, mwaka 2017 aliliambia gazeti moja kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huo huo NIST ikaachana na masharti hayo. Watu waliolazimishwa kubadilisha walikuwa wanaongeza namba tu mwishoni. Badilisha pale tu penye sababu: tovuti imetangaza kuvuja, umeichapa kwenye kompyuta ya watu wengi, umemtajia mtu, au umeona dalili za mgeni. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, inakuonyesha barua pepe yako imekutwa kwenye uvujaji upi kati ya unaojulikana.

Ukigundua mtu ameingia, anza na barua pepe hata kama iliyoguswa ni akaunti nyingine. Badilisha nywila ukiwa kwenye kifaa unachokiamini, kisha tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia na uviondoe. Kagua namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji, uone kama zimebaki zako. Mwisho fungua mipangilio ya kusambaza barua na vichujio. Wadukuzi wengi huacha hapo kanuni ndogo inayowatumia nakala ya kila barua, na usipoifuta wataendelea kusoma barua zako, zikiwemo za kurejesha akaunti, chini ya nywila yako mpya.